Matairi Yaliyovuka Mfongo

Shangazi yangu Elinipendo huendesha gari kama anavyobeba ndoo ya maji kichwani: mgongo umenyooka, macho mbele, bila haraka ya kumridhisha mtu. Kijijini anaitwa Mama Godlove, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye yuko Dar es Salaam na huja nyumbani Krismasi tu. Lakini ukisimama pale Kwa Sadala ukauliza ni nani anayeshusha maziwa kutoka vijiji vya juu, hakuna atakayekutajia jina la mtoto. Watakuambia, "Mama wa Landrova," na kukuonyesha mlima kwa kidevu.

Nataka kueleza jinsi alivyochagua matairi ya Landrova hiyo. Najua ni jambo dogo. Lakini kila ninapopita barabara ya kwetu na kuona alama za magurudumu yake kwenye udongo, moyo wangu hutulia, na siku hizi si vitu vingi vya nyumbani vinavyonipa utulivu huo.

Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za upande huu wa Hai, ilijengwa na kahawa. Kahawa ilikuwa ya baba. Yeye ndiye aliyeipeleka kwenye chama cha ushirika, na yeye ndiye aliyepokea malipo. Maziwa yalikuwa ya mama, na hakuna aliyeyahesabu kuwa mali. Kisha, katika miaka ya tisini, bei ya kahawa ikaanguka. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao, wakanunua walichotaka, wakaondoka. Wanaume wengi walibaki wakiitazama mibuni kama mtu anavyomtazama ndugu mgonjwa bila kujua amsaidieje. Wengine waliing'oa. Baba yangu hakuing'oa yake, lakini aliacha kuipogoa, na nadhani hilo lilimuuma zaidi. Ndipo watu walipogundua kwamba karo za watoto zilikuwa zikitoka kwenye ndoo za akina mama.

Akina mama wa kijiji chetu walikuwa na kikundi cha maziwa. Mwenyekiti wao alikuwa Priska, mwanamke mwenye sauti nzito ya kwaya na ulimi usiojua kupumzika. Mradi wa wafadhili uliokuwa ukiwasaidia ulipofungwa, uliwaachia Landrova ya zamani, rangi ya majani makavu. Dereva wa mradi aliondoka na mradi. Katika wanachama wote, mwenye leseni alikuwa shangazi peke yake. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa lori la ushirika, na alimfundisha kuendesha kwenye shamba lao la tambarare, wakati wa kupakia mahindi, kwa sababu alichoka kusahihishwa.

"Kama unajua kuliko mimi, kaa hapa," alimwambia siku moja, akashuka.

Shangazi akakaa. Hadithi hiyo aliisimulia hata kwenye matanga ya mumewe, na watu walicheka huku wakilia.

Sasa, barabara ya kwetu si barabara moja. Ukitoka Moshi ni lami, na lami inataka tairi laini. Ukiiacha lami unaingia kwenye mawe yaliyochongoka. Baada ya mawe kuna mteremko wa udongo mwekundu ambao wakati wa masika huwa kama sabuni iliyoloweshwa. Na juu ya mteremko huo, kabla tu ya kufika nyumba za kwanza, barabara inakutana na mfongo.

Mfongo ni mfereji wa asili. Babu zetu waliuchimba kwa mikono kuleta maji ya mto kutoka msituni hadi kwenye migomba, na mpaka leo kila ukoo una zamu yake ya maji. Pale unapokutana na barabara hakuna daraja. Maji hupita juu ya barabara katika kijibonde kifupi, kati ya kingo mbili za udongo wa kufinyanga zilizoshikwa na nyasi, na gari hushuka ndani yake taratibu na kupanda upande wa pili. Kingo hizo ndizo zinazoyazuia maji yasifuate barabara. Kila mwaka watu huitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, kuzishindilia upya.

Mvua za El Niño zilipokwisha, mwaka wa tisini na nane, matairi ya Landrova yalikuwa vipara. Kikundi kikakubaliana kununua mengine, na shangazi akatumwa Moshi kuchagua.

Zamani neno hilo, kuchagua, lisingetumika. Mumewe aliwahi kungoja tairi moja la lori, kwa kibali, mpaka lilipofika, tairi jingine nalo lilikuwa limekufa. Lakini tangu biashara ilipofunguliwa, maduka ya Moshi yalikuwa yamejaa. Duka la Filemon lilikuwa na matairi hadi barazani: mapya kutoka nchi ambazo hatukujua zinatengeneza matairi, mitumba ya Japani, mengine yaliyovushwa mpakani Tarakea kutoka Kenya yakiwa yamefungwa juu ya mizigo ya nguo. Filemon mwenyewe alikuwa kijana mnene mwenye furaha, aliyeuza kwa kusifu.

"Mama, kwa barabara zenu za juu usihangaike," alimwambia. "Chukua haya."

Yalikuwa matairi ya tope. Kashata zake, yale mapande ya mpira yanayoshika ardhi, zilikuwa nene kama matofali na zimeachana kama za trekta. Shangazi aliyatazama, akayapenda. Mimi nisingemlaumu. Sisi tuliokulia kwenye foleni tulikuwa tunaamini kwamba, ukipewa nafasi ya kuchagua, unachukua kile kikubwa kuliko vyote kabla mwenye duka hajabadili mawazo.

Landrova ilipopanda kwetu na matairi yale, watu walitoka majumbani. Ilikuwa imeinuka, na huko chini kwenye lami ilikuwa ikivuma kama nyuki walioudhiwa. Kwenye udongo mwekundu, mvua za vuli zilipoanza, ilipanda kana kwamba imewekewa ngazi. Priska alisema gari la kikundi limeota miguu ya simba. Shangazi siku hizo alikuwa akifunga kitambaa cha kanisani hata siku ya kazi.

Januari ikaja, na jua. Maji yakawa machache, na kila ukoo ukaanza kuilinda zamu yake. Asubuhi moja shangazi alikuwa akipanda kwenda kuchukua maziwa, nami nikiwa naye kwa sababu shule ilikuwa imefungwa. Tulipofika kwenye mfongo tulikuta gogo la mgrevilea limelazwa barabarani. Juu ya gogo alikuwa ameketi Mzee Aminieli, msimamizi wa mfongo, amevaa koti lake la sufi na mabuti ya mpira ambayo hakuyavua hata kiangazi. Sepetu yake ilikuwa imesimikwa pembeni.

"Shikamoo, Mzee Aminieli," shangazi alisema.

"Marahaba. Zima gari."

Akazima.

"Shuka uone ulichokula."

"Sijala kitu, mzee. Hata chai sijanywa."

"Basi gari lako limekula."

Tukashuka. Ukingo wa chini haukuwapo tena. Zile kashata nene zilikuwa zimeumega kila siku kidogo kidogo, zikang'oa nyasi na mizizi yake, na usiku uliopita maji yalikuwa yamepata njia. Yaliuacha mfongo yakafuata alama za magurudumu, yakateremka barabarani mpaka kwenye mawe, yakapotea. Ilikuwa zamu ya ukoo wa chini. Migomba yao michanga na maharage waliyopanda katikati vilikuwa havijapata tone.

Shangazi alisogea ukingoni. Alichuchumaa, akachukua bonge la udongo lenye alama ya tairi lake, akaligeuza mkononi.

"Ni mimi," alisema.

"Nani mwingine?" Mzee Aminieli alisema. "Mimi natembea kwa miguu. Mbuzi wangu wana kwato ndogo."

"Nitautengeneza."

"Utautengeneza, ndiyo. Na watu wa mfongo utawaletea mbege. Na gari hili halivuki tena mpaka livae viatu vingine. Hapa ni mfongo, si shamba la kulima."

Shangazi ni Mlutheri wa ile aina isiyogusa pombe hata kwa kidole. Alimwomba jirani ampikie mbege, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye mfongo, akaitua mbele ya wazee, akaenda kunawa mikono. Siku ya msaragambo alishika jembe tangu baragumu lilipolia hadi watu walipotawanyika, akibeba udongo kwenye karai na kuushindilia kwa miguu. Mzee Aminieli alikunywa mbege yake akimtazama.

"Unashindilia vizuri," alimwambia. "Kuharibu unajua, kutengeneza unajua. Wewe ni mtu kamili."

Lakini gogo halikuondoka barabarani. Kuanzia siku hiyo Landrova ililala chini ya mfongo, kule mteremko unakoanzia, kwenye kihamba cha jamaa, yaani shamba lake la nyumbani, na akina mama walibeba maziwa kichwani mpaka pale. Wakati wa kiangazi, hilo liliwezekana. Lakini kila mtu alijua kwamba masika itakapofika, hakuna atakayeteremka kwenye ule udongo na ndoo kichwani bila kuanguka. Tayari mchuuzi mmoja mwenye baiskeli alikuwa amekuja kuwashawishi wa nyumba za juu kabisa wamuuzie yeye, kwa bei ya kuwahurumia.

Priska aliitisha kikao baada ya ibada, nje ya kanisa.

"Mama Godlove, mimi nakupenda kama dada," alianza, na wote tukajua kinachofuata. "Lakini gari linalala chini ya mfongo na maziwa yanalala juu ya mfongo. Havijuani. Kuna mtu anataka kulinunua."

"Nipeni mpaka masika ianze," shangazi alisema.

"Na ikianza?"

"Nikishindwa kupita, chukueni ufunguo."

Ufunguo wa Landrova aliuvaa shingoni kwa kamba, ndani ya blauzi. Niliona mkono wake ukipanda mpaka pale, ukaupapasa, ukashuka. Wengine walidhani ni suala la gari tu. Mimi nilijua kwamba tangu mumewe alipofariki, kile kiti cha dereva ndicho mahali pekee alipokaa bila mtu kumwuliza amekaa kwa ruhusa ya nani.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Aminieli. Sikuwapo, lakini mzee mwenyewe alinisimulia baadaye, kwa kujisifu.

"Nimekuja kuomba udongo wa mfongo," shangazi alimwambia.

"Udongo? Uliouchukua hautoshi?"

"Debe moja. Na nakuomba na wewe."

"Mimi wa nini?"

"Twende Moshi ukachague matairi. Mara ya kwanza nilichagua kwa ajili ya gari. Sasa nataka kuchagua na mwenye mfongo akiwepo."

Mzee alimwambia angelifikiria jambo hilo. Alilifikiria kwa muda wa kubadilisha shati.

Tulikwenda watatu, mzee katikati, debe la udongo wa kufinyanga likiwa nyuma limefunikwa kwa majani ya mgomba ili udongo usikauke. Kutoka kwenye mawe mpaka kwenye lami mzee alishika dashibodi kwa mikono yote miwili. Tulipofika lami, matairi ya tope yakaanza kuvuma.

"Linalia nini?" aliuliza.

"Linalia lami," shangazi alisema. "Halikuumbwa kwa ajili yake."

"Kumbe hata huku halipatani na mtu."

Dukani, Filemon alitukaribisha kwa mikono miwili. Kisha akaona debe.

"Mama, umeniletea udongo? Si bora ungeniletea ndizi?"

"Ndizi utapata tukimaliza. Nionyeshe uwanja wako wa nyuma."

Shangazi alimimina udongo ule juu ya kipande cha bati, akaunyunyizia maji, akaukanda kwa mikono kama anayekanda unga, akatengeneza ukingo: urefu wake, unene wake, hata mbonyeo wa upande wa maji, jinsi alivyoushindilia mwenyewe siku ya msaragambo. Mafundi wa pancha waliacha kazi wakaja kutazama. Kisha akaomba tairi la kwanza.

Hilo lilikuwa la lami, lenye mistari myembamba. Filemon alilisukuma huku Mzee Aminieli akiliegemea kwa uzito wake wote, kwa kuwa tairi lisilobeba kitu haliwezi kusema ukweli. Lilipita bila kumega, lakini mistari yake ilijaa udongo papo hapo, na liliporudishwa liliteleza kama samaki.

"Hili litaniacha katikati ya mteremko," shangazi alisema.

La pili lilikuwa moja la yale yale yetu ya tope, alilolifungua shangazi kutoka kwenye gari. Lilichimba ukingo, likatoka na mabonge.

"Huyo namfahamu," mzee alisema.

La tatu alilichagua mzee mwenyewe. Lilikuwa jipya, pana, lenye maandishi meupe ubavuni, na alikuwa amelizunguka tangu tulipofika.

"Hili ni zuri," alisema. "Linasomeka."

"Ni zuri, mzee," shangazi alikubali. "Lakini ni pana mno. Pale kwenye mfongo litakanyaga kipande kikubwa cha ukingo kwa mpigo."

"Huwezi kupunguza upana?"

"Wa tairi, siwezi."

Mzee alilipapasa maandishi mara ya mwisho, akaliacha kwa huzuni ya kweli.

Shangazi alikuwa ameshaanza kuzunguka mwenyewe. Aliyapita mapya ya barazani, akaingia hadi kwenye kona ya mitumba, akawa anavuta moja baada ya jingine, akiingiza mkono ndani kutafuta viraka, akipinda mbavu kuona kama mpira umepasuka. Mwisho akatoka na tairi ambalo nisingelitazama mara mbili. Halikuwa jembamba sana wala pana. Katikati kashata zake zilikuwa zimekaribiana, kama mawe ya ua yaliyopangwa vizuri. Pembeni zilikuwa zimeachana, na kati yake kuna nafasi ya udongo kutoka.

"Haya tunaita ya njia zote," Filemon alisema, bila kulisifu. "Ni ya watu wasiojua wanakwenda wapi."

"Mimi najua ninakokwenda. Ni njia yenyewe isiyotulia. Lisukume."

Lilipita juu ya ukingo. Likaacha alama safi, kama kitambaa kilichofumwa, na udongo uliokuwa umeingia kwenye kashata za pembeni ukadondoka wenyewe tairi lilipozunguka. Mzee Aminieli alipiga magoti kwenye uwanja ule wenye mafuta. Alipitisha kidole kwenye makali ya ukingo, mwanzo hadi mwisho, polepole. Hayakuwa yamemegeka.

"Lisukumeni tena," alisema.

Wakalisukuma tena, na tena. Alama zikawa juu ya alama, ukingo ukashuka kidogo kwa kushindiliwa, lakini haukukatika.

Filemon alijikuna kichwa. Naweza kusema kwa haki kwamba hakuwa mfanyabiashara mbaya.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema. "Ninayo manne na la akiba, yote mazima. Lakini kwenye tope la masika hayatapanda kama yale uliyonayo. Nisingependa uje kunilaumu."

Shangazi alikuwa akifuta mikono yake kwa jani la mgomba. Alitazama matairi ya tope, yaliyompandisha vuli nzima bila yeye kufanya kazi yoyote, kisha akatazama lile la njia zote.

"Palipobaki nitapanda mimi," alisema.

Filemon aliyapokea ya tope kwa mabadilishano, maana alikuwa na mteja wa mbao anayeyahitaji, na tukarudi nyumbani bila mvumo. Mzee alilala njia nzima akiwa amekaa wima. Gogo hakuliondoa siku hiyo. Alisema udongo wa Moshi haujanyeshewa, na kwamba yeye ataamini ya masika.

Masika ilifika mwishoni mwa Machi, na ilifika yote kwa pamoja. Siku ya kwanza ilinyesha tangu alfajiri, na mlima wote ukapotea. Mchana mvua ilipopungua nilimkuta shangazi chini ya mteremko wa udongo mwekundu, akiwa amechutama kando ya gurudumu na kijiti mkononi, akipunguza upepo ili matairi yashike udongo vizuri. Alikwenda gurudumu hadi gurudumu, akisikiliza mpumuo, akibonyeza ubavu wa tairi kwa kiganja kama anavyobonyeza tumbo la ng'ombe.

"Ingia kama unakuja," aliniambia.

Juu kabisa, kandokando ya mfongo, walikuwa wamesimama watu wa kikundi na mitungi yao ya maziwa, wamejifunika kanga na magunia. Priska alikuwa mbele. Gogo lilikuwa limevutwa pembeni, na mahali pake alisimama Mzee Aminieli na sepetu, mabuti ndani ya maji.

Shangazi aliingiza gia nzito, ile ya magurudumu yote manne, akaanza kupanda. Mwanzo tulikwenda vizuri. Katikati ya mteremko, pale panapopinda, nikahisi sehemu ya nyuma ikituacha. Landrova iliteleza upande, polepole, bila kelele, kuelekea kwenye migomba ya watu. Kwa matairi ya tope jambo hilo lisingetokea, na nadhani sote wawili tulilifikiria hilo kwa wakati mmoja. Nilishika mlango. Yeye hakukanyaga breki wala mafuta. Aliliachia gari limalize kuteleza, likasimama. Juu, mtu alisema kitu na mwingine akamnyamazisha.

"Limechoka?" niliuliza.

"Linafikiri," alisema.

Akalirudisha nyuma kidogo kidogo mpaka magurudumu yakarudi kwenye alama zake mwenyewe, zile tulizopandia. Akatulia. Kisha akaondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea, mikono yake ikitikisa usukani kidogo kushoto na kulia, kushoto na kulia, kuyapa yale makali ya pembeni udongo mpya wa kushika. Nilisikia matope yakidondoka kutoka kwenye kashata, tap, tap, tap, chini ya sakafu. Tukapita kwenye kona. Tukapita mgomba ulioinamia barabara. Hakuongeza mwendo hata tulipokuwa karibu, na akina mama walipoanza kuimba kwa sauti ya chini alifungua dirisha akawaambia wasubiri.

Kwenye mfongo alisimama. Mzee Aminieli alisogea hatua mbili pembeni, si zaidi. Landrova iliinama, ikaingia kwenye maji, ikapanda upande wa pili. Shangazi alizima injini, akashuka, akabaki amesimama kwenye mvua karibu na mlango.

Mzee alichukua muda wake. Aliinama kwenye ukingo wa chini, akapitisha kidole kama alivyofanya dukani. Akaenda upande wa pili, akapitisha tena. Maji yalikuwa yakikimbia ndani ya mfongo, mekundu na mengi, na hakuna hata uzi mmoja uliotoka kwenda barabarani. Kwenye udongo zilibaki alama mbili, nyembamba, zimefumwa, kama mshono wa nguo nzuri.

"Lakini lile lenye maandishi lilikuwa zuri," alisema hatimaye.

Watu walicheka kwa namna ambayo sijaisikia tena kijijini kwetu. Priska hakucheka. Alimsogelea shangazi ambaye alikuwa ameshautoa ufunguo shingoni na kuushika kiganjani, kana kwamba hata sasa hakuwa na uhakika ni wa nani. Priska akaichukua ile kamba, akamvisha tena, akamrekebishia kola ya blauzi.

"Pakia maziwa, dada," alisema. "Yatachacha."

Mitungi ilipokuwa ikipakiwa, mzee aliondoka bila kuaga. Alirudi na vipande vya masale alivyovikata kwenye ua wake. Masale ndiyo tunayopanda kwenye mipaka ya vihamba. Ndiyo pia anayobeba mtu anayekwenda kutaka amani kwa aliyegombana naye. Alivichomeka ardhini pande zote mbili za kivuko, akipima kwa hatua upana wa zile alama mbili, akaacha nafasi ya Landrova ile na si zaidi.

"Usitoke nje ya haya," alimwambia shangazi.

"Sitatoka, mzee. Aika," shangazi alishukuru.

Miaka imepita. Mzee Aminieli tulimzika kwenye kihamba chake, na jeneza lake lilipanda kwa Landrova ya maziwa, kwa sababu aliagiza hivyo na kwa sababu ilikuwa masika. Theluji ya mlima inapungua, watoto wetu wako Dar es Salaam, mibuni ya baba imekuwa vichaka. Matairi ya shangazi yameisha na kubadilishwa zaidi ya mara moja, na kila mara Filemon humwekea ya aina ile ile. Huwaambia wateja wengine kwamba ni yeye aliyeyachagua.

Masale yamekua. Yamepita kimo cha Landrova sasa, yamesimama mawili mawili kila upande kama wasimamizi wa harusi, na lazima uwe dereva kweli kupita katikati yake bila kuyagusa. Jamaa wanaokuja Krismasi na magari yao makubwa ya kung'aa hufika pale, husimama, huyatazama, kisha huyaegesha magari chini ya mfongo na kumalizia kwa miguu, wamebeba viatu mkononi. Shangazi hupita karibu nao taratibu, mitungi ikigongana nyuma, na huwapungia.